Utafiti wa ulemavu na sanaa jumuishi vyuoni Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila muhula kutoka kwa wanafunzi wanaoandika tasnifu, wahadhiri, washairi, wapiga picha na watu wa maigizo. Tumeyajibu tukimfikiria mtu anayefanya kazi Mombasa na viunga vyake. Unaweza kusoma swali moja linalokuhusu ukaacha mengine. Jambo moja utalikuta karibu kila mahali: ufikivu hupangwa siku ile ile unapopangwa utafiti, kwenye ratiba na kwenye bajeti. Ukingojewa mpaka kazi iishe, kazi yenyewe huwa imeshawaacha watu nje.

## Mambo ya mwanzo

Utafiti wa ulemavu ni nini? Hiyo si kazi ya madaktari?

Daktari huchunguza mwili: jicho limeharibika vipi, mguu utatibiwaje. Utafiti tunaouzungumzia hapa huchunguza jinsi majengo, sheria, lugha na desturi zinavyomwekea mtu vizuizi. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu akishindwa kuingia maktaba, daktari atauliza habari za miguu yake. Mtafiti wa ulemavu atauliza ni nani aliyepitisha mchoro wa jengo lenye ngazi mlangoni na lisilo na njia ya mteremko.

Mtazamo huu ulijengwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1976, huko Uingereza, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichojulikana kwa kifupi kama UPIAS kilitoa waraka uliotenganisha hitilafu ya mwili na ulemavu unaoletwa na jamii. Mwaka 1983 Mike Oliver, msomi aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, aliipa fikra hiyo jina ambalo kwa Kiswahili ni mtazamo wa kijamii wa ulemavu. Umekosolewa tangu wakati huo, na wakosoaji wana hoja: maumivu na uchovu haviondoki kwa kujenga njia ya mteremko. Hata hivyo kwa mwanafunzi anayeanza, ndipo pa kuanzia, kwa sababu unamlazimisha kuangalia mlango kabla ya kuangalia miguu ya mtu.

Je, lazima mtafiti awe na ulemavu?

Hapana. Lakini lazima watu wenye ulemavu wawe na sauti yenye nguvu ndani ya kazi. Kauli ya harakati zao, "hakuna lolote kutuhusu bila sisi", hunukuliwa sana kwenye utangulizi wa tasnifu, kisha sura zinazofuata zikaisahau.

Jipime kwa mambo matatu. Nani alichagua swali la utafiti? Nani ana neno kuhusu matumizi ya fedha? Majina ya nani yatatokea juu ya makala? Kama watu wenye ulemavu hawapo hata katika moja ya hayo matatu, umewatumia kama chanzo cha habari tu. Kuwaita kwenye kikao cha mwisho ili "wathibitishe matokeo" hakurekebishi hilo.

Sanaa jumuishi inahusiana vipi na chuo?

Ni kazi ya ubunifu, iwe shairi, mchezo, picha, ngoma au ufumaji, ambayo watu wenye ulemavu wanaitunga, wanaiongoza na wanaweza kuifurahia wakiwa watazamaji. Chuoni huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukusanya maarifa: kuna mbinu iliyoanzishwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris katika miaka ya 1990, ambapo wanajamii hupewa kamera, wakapiga picha za maisha yao wenyewe, kisha wakazijadili pamoja. Ya pili ni kurudisha matokeo kwa watu ambao hawatasoma tasnifu ya kurasa 200.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioidhinishwa na Kenya mwaka 2008, unalisema hili katika kifungu cha 30: nchi ziwape watu wenye ulemavu nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii nzima. Hapa kwetu tuna mfano wa karakana za Bombolulu, ambapo mafundi wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza mapambo, nguo na bidhaa za ngozi tangu 1969. Ni kazi ya kuheshimiwa. Tunachowaomba watafiti ni kutoishia hapo. Mtu mwenye ulemavu anaweza pia kuwa mwandishi wa tamthilia, mhariri au mwongozaji, na miradi mingi humpa ushanga kabla ya kumuuliza anataka kufanya nini.

Tunazungumzia watu wangapi?

Inategemea ulivyouliza. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2008 ulipata kwamba asilimia 4.6 ya Wakenya wana ulemavu. Sensa ya 2009 ilipata asilimia 3.5. Sensa ya 2019, iliyohesabu walio na umri wa miaka 5 na zaidi, ilipata asilimia 2.2, yaani watu kama 900,000. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka 2022 kuwa ni asilimia 16 ya watu wote duniani.

Ulemavu haukupungua Kenya kati ya 2008 na 2019. Kilichobadilika ni maswali na kiwango cha ugumu kinachohesabiwa. Kwa hiyo usiandike "Mombasa ina walemavu kadhaa" kwa kuzidisha asilimia fulani na idadi ya wakazi 1,208,333 waliohesabiwa katika kaunti mwaka 2019. Taja chanzo, umri na swali lililoulizwa (tazama pia swali kuhusu maswali sita, chini).

Tuwaiteje wahusika?

Kwa majina yao, na kwa heshima ile ile unayompa mtu yeyote wa rika lao. Mama mtu mzima ni Bi fulani na huamkiwa shikamoo, awe anaona au haoni. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kijana wa chuo kumsemesha mzee asiyeona kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, au kumuuliza aliyemshika mkono, "Anataka kukaa wapi?" Katika maandishi rasmi tumia "watu wenye ulemavu", isipokuwa pale mhusika anapochagua neno lake. Viziwi wengi, kwa mfano, hupenda kuitwa viziwi.

## Vibali, ridhaa na malipo

Nahitaji vibali gani kabla ya kuanza?

Kwanza kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, taasisi ya serikali inayosimamia utafiti nchini, iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, kisha ofisi za kaunti zinazohusika. Ukienda shuleni, iwe shule ya wasioona Likoni, ya viziwi Ziwani au ya wenye ulemavu wa viungo Port Reitz, pitia idara ya elimu halafu uongozi wa shule. Mtafiti kukubaliwa na mwalimu mkuu hakumaanishi kwamba mtoto amekubali.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Habari za afya ya mtu zimo katika data nyeti, na orodha ya majina yenye aina ya ulemavu mbele ya kila jina ni data ya aina hiyo. Isizunguke kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Nitapataje ridhaa kwa mtu asiyeona, kiziwi, au mwenye ulemavu wa akili?

Kanuni ni moja: mtu aelewe anachokubali, aweze kukataa bila kuona haya, na aweze kubadili nia. Njia ndizo zinazotofautiana.

Asiyeona asomewe maelezo yote, au atumiwe mapema kwa simu ayasikilize mwenyewe. Wengi huwekewa wino wa kidole gumba bila hata kuulizwa kama wanajua kutia sahihi. Uliza. Ridhaa ya kurekodiwa kwa sauti nayo inakubalika, mradi umeieleza kamati mapema.

Kiziwi apewe maelezo kwa lugha ya ishara, ikiwezekana kwa video anayoweza kuirudia. Usidhani kumwandikia kunatosha. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Haikutokana na Kiswahili wala Kiingereza, na kwa viziwi wengi maandishi ni lugha ya pili.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, tumia sentensi fupi, picha, na mifano ya vitu halisi. Mweleze siku moja, rudi siku nyingine umuulize ameelewa nini. Kifungu cha 12 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliokwisha kuutaja kinampa haki sawa mbele ya sheria pamoja na msaada wa kufanya uamuzi. Ruhusa ya mlezi inaweza kuhitajika kwa taratibu za kamati, lakini haichukui nafasi ya yake. Akigeuza uso, akinyamaza ghafla au akisimama kutaka kuondoka, hilo ni jibu. Zima kinasa sauti.

Mama yake anajibu kila swali kwa niaba yake. Nifanyeje?

Usimfukuze mama. Mara nyingi ndiye aliyepigania kila kitu tangu siku ya kwanza, na ana mengi ya kusema. Mpe mahojiano yake mwenyewe, kwa muda wake, na yaandikwe kuwa ni maoni ya mama. Kisha mwambie kwa adabu: "Mama, haya yamenifaa sana. Sasa naomba nimsikie na yeye." Mgeukie mhusika na usubiri. Kama usemi wake huchukua muda, ukimya wa dakika nzima hauna ubaya wowote. Ukiharakisha, mama atarudi kujibu.

Tuwalipe washiriki?

Ndiyo, na utofautishe malipo mawili. Nauli na fidia ya muda ni ya kila mshiriki, na inahesabu gharama halisi: mtu anayetumia kiti cha magurudumu huenda akahitaji tuktuk ya peke yake kwenda na kurudi, pamoja na nauli ya msaidizi. Malipo ya utaalamu ni ya wanaokagua hojaji yako, wanaosahihisha lugha ya ishara, wanaoongoza warsha. Hao ni washauri, na walipwe kama unavyomlipa mtakwimu. Chai na mandazi ni ukarimu. Hayahesabiwi kwenye malipo.

## Kazi uwanjani

Tukutane wapi?

Swali hili lina uzito Mombasa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Mji wa Kale una vichochoro vyembamba, baraza zinazojitokeza njiani na vizingiti vya milango vilivyoinuka. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina ngazi na sakafu za mawe zisizo sawa, na haikukusudiwa kumkaribisha mtu yeyote, sembuse mwenye magongo. Anayetoka Likoni anategemea feri, na maji yakipwa mteremko wa kushukia huwa mrefu zaidi. Kwa hiyo mkutano wa saa mbili asubuhi kisiwani unaweza kumtaka mtu wa Likoni aamke kabla ya alfajiri. Muulize yeye saa inayomfaa.

Nenda ukapaone mwenyewe, na uende na mtu anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Angalia njia ya kuingilia: mteremko unaokubalika kwa kawaida ni wa uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Angalia choo, kwa kuwa ukumbi mzuri wenye choo cha ghorofani haufai. Sikiliza pia. Feni kubwa za dari zinasaidia kwenye joto letu lakini hufunika sauti kwa mwenye kifaa cha kusaidia kusikia, na huharibu rekodi. Panga ratiba ukizingatia sala, Ijumaa mchana hasa, na mwezi wa Ramadhani.

Chaguo ambalo watu hulisahau ni kwenda nyumbani kwa mtu. Ukialikwa, nenda, lakini elewa kwamba nyumbani kuna masikio ya jamaa, na mengine hayatasemwa hapo.

Mkalimani wa lugha ya ishara apatikane vipi, na mmoja anatosha?

Kwa mazungumzo mafupi ya watu wawili mmoja anatosha. Kwa warsha ya nusu siku panga wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka na tafsiri huanza kuvuja. Wape maandishi, majina na istilahi siku kadhaa kabla. Mkalimani asimame penye mwanga, dirisha lisiwe nyuma yake. Zungumza na kiziwi, umtazame yeye, usimtazame mkalimani.

Waulize viziwi wanaoshiriki wanamtaka nani. Jumuiya ya viziwi Mombasa inafahamiana, na mkalimani anayejua siri za nusu ya kikundi kutoka kwenye shughuli nyingine anaweza kuwafunga watu midomo. Pia, si kila kiziwi anajua Lugha ya Ishara ya Kenya. Aliyekulia kijijini bila shule huenda anatumia ishara za nyumbani tu. Hapo utahitaji kiziwi mwenye ujuzi wa kukalimani akisaidiana na mkalimani anayesikia.

Nimeambiwa nitumie "maswali sita". Ni yapi?

Ni maswali mafupi ya Kundi la Washington, ambalo liko chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Huuliza ugumu katika kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Kwa kawaida anayejibu "ugumu mkubwa" au zaidi katika hata eneo moja huhesabiwa kuwa na ulemavu.

Uzuri wake ni kwamba neno "ulemavu" halitajwi, hivyo mzee ambaye angekasirika kuitwa hivyo atakuambia tu kwamba hapandi ngazi. Udhaifu wake ni kwamba matatizo mengi ya afya ya akili hayaonekani, wala ualbino, ambao sensa ya 2019 iliuhesabu kwa swali la peke yake na kupata watu 9,729 nchini. Jaribu tafsiri yako kwa wazee wa Kisauni na vijana wa Changamwe kabla ya kuichapa. Neno linaloeleweka kwa mmoja linaweza kumpita mwingine.

## Ubunifu

Tunaonyesha picha. Asiyeona atafaidi nini?

Mengi, kama maelezo ya picha yametungwa vizuri, na kuyatunga ni sanaa yenyewe. Anza na kitu kikuu, kisha mahali, kisha kinachoipa picha uzito. Usiseme "picha nzuri ya mwanamke wa pwani". Sema: "Mwanamke wa makamo amekaa barazani, mgongo umeegemea mlango wa mbao ulionakshiwa. Amejitanda kisutu, kanga ile ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, lakini miguuni amevaa ndara zilizochakaa. Anatazama nje ya picha, kushoto." Msikilizaji sasa ana cha kufikiri: kisutu na ndara zilizochakaa vimekutanaje?

Taja rangi. Wapo waliozaliwa wakiona, na hata asiyewahi kuona anajua kisutu kina maana gani katika jamii yake. Kwa kanga eleza sehemu zake: pindo lina nini, mji una nini, na jina lake lisomwe lote, kwa kuwa bila jina hujaieleza kanga. Ikiwezekana, iwepo nakala ya kushika mkononi. Maelezo yakaguliwe na mtu asiyeona kabla ya ufunguzi. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba umetumia maneno 40 kwa mawingu na hukusema kama mwanamke anacheka.

Shairi la Kiswahili linaweza kufikishwa kwa viziwi?

Linaweza, lakini halifikishwi na mkalimani aliyepewa karatasi dakika tano kabla. Fikiria tarbia tuliyorithi kutoka enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu 1840: mishororo minne, mizani 8 kwenye ukwapi na 8 kwenye utao, kina cha kati na kina cha mwisho. Uzuri wake mwingi umo masikioni. Ukifasiri maana tu, kiziwi anapata habari ya shairi, hapati shairi.

Lugha za ishara zina ushairi wake. Tangu William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake mwaka 1960 huko Marekani, wanaisimu huchambua ishara kwa umbo la mkono, mahali inapofanyiwa na mwendo wake. Mshairi kiziwi hupata vina kwa kurudia umbo moja la mkono katika ishara zenye maana tofauti, na hupata mizani kwa mwendo na mtuo. Kwa hiyo mweke mshairi anayesikia na mshairi kiziwi mezani kwa muda wa kutosha. Waamue pamoja kina cha kati kitakuwa umbo gani, na kituo kitarudi kwa mwendo upi. Kitakachotoka ni shairi la pili lenye mwandishi wa pili, na jina lake liandikwe hivyo kwenye bango. Kumwandika "mkalimani" ni kumnyima kazi yake.

Ushairi wetu una desturi ya kujibizana. Tunaona hapo ndipo pa kujaribu: beti kwa sauti, jibu kwa mikono, na hadhira yote ipewe maana ya pande zote mbili.

Kazi ya sanaa inahesabika kama utafiti?

Inahesabika ikiwa imejibu swali, imeweka wazi njia iliyofuatwa, na inaweza kuhojiwa. Idara nyingi zitataka maandishi yanayoandamana nayo. Zungumza na msimamizi wako kabla ya kusajili pendekezo, uulize nani atakayeitahini. Mtahini asiyejua lugha ya ishara hawezi kupima tamthilia ya lugha ya ishara kwa kusoma muhtasari wake.

Nani anamiliki picha, shairi au mchezo uliotokana na warsha?

Aliyeutunga. Kushiriki katika utafiti hakumnyang'anyi mtu hakimiliki, na fomu ya ridhaa si hati ya mauzo. Mkubaliane kwa maandishi au kwa video ya lugha ya ishara: kazi itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na mapato yakipatikana yagawanywe vipi.

## Maandishi na makongamano

Tasnifu yangu isomeke vipi na asiyeona?

Tumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye programu yako ya kuandikia, usikoleze tu herufi. Anayetumia programu ya kusoma skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kila picha iwe na maelezo. Jedwali liwe jedwali, si picha ya jedwali. Kurasa zilizoskaniwa bila kutambuliwa maandishi ni picha tupu kwake.

Weka lugha ya hati kuwa Kiswahili. Usipofanya hivyo, sauti ya kompyuta itasoma "wanachuo" kwa matamshi ya Kiingereza na msomaji atachoka kabla ya sura ya pili. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows, huja na sauti ya eSpeak NG inayosoma Kiswahili. Ni sauti kavu, lakini inasomeka. Kwenye simu za Android kuna TalkBack. Zima skrini, isikilize tasnifu yako kwa nusu saa. Utasahihisha mengi.

Na nukta nundu?

Maandishi haya ya kupapasa kwa vidole (Braille) bado yanahitajika, hasa kwa anayejifunza tahajia, hesabu au mashairi. Hula karatasi nyingi, ukurasa mmoja wa kawaida huwa zaidi ya kurasa mbili, kwa hiyo muulize msomaji anataka sehemu gani. Kuhusu vitabu vya wengine: Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliuridhia 2017, umekusudiwa kuruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kidijitali kwa wasioona bila kuomba idhini ya kila mchapishaji. Mkutubi wa chuo alijue hilo.

Kongamano letu ni la siku moja tu. Cha lazima ni kipi?

Kwenye fomu ya usajili uliza kila mtu anahitaji nini, kisha umjibu. Msemaji atumie maikrofoni hata kama ana sauti kubwa. Kila slaidi isomwe kwa maneno. Makala zitumwe kabla. Kuwe na chumba kitulivu cha kupumzikia. Kuhusu ukumbi na wakalimani, tumeeleza hapo juu.

## Hali ngumu

Mwanafunzi ana ulemavu usioonekana na hataki kuutangaza. Tufanyeje?

Asilazimishwe. Tangaza kwa wote kwamba muda wa ziada, mapumziko au kurekodi mhadhara kunapatikana kwa anayeomba, na anayeomba aeleze anachohitaji, asitakiwe kueleza ugonjwa wake. Kifafa, ugonjwa wa akili na maumivu ya siku zote bado vinawaletea watu aibu wasiyostahili. Uaminifu wa idara hupimwa kwa namna habari ya mmoja ilivyotunzwa mwaka jana.

Mahitaji mawili yakigongana?

Hutokea. Mwenye ualbino huumizwa na taa kali. Kiziwi anahitaji mwanga ili amwone mkalimani. Usichague nani ana haki zaidi. Zima taa za ukumbi, mmulike mkalimani peke yake kwa taa isiyogeukia hadhira, na anayeumizwa na mwanga akae upande wa pili. Vivyo hivyo kwa mbwa wa kuongoza wasioona, uvumba, au ngoma zinazomsumbua mwenye usonji: gawanyeni nafasi au wakati, na mtangaze mapema ili mtu aamue mwenyewe. Pale suluhisho lisipopatikana, sema wazi tukio hili halimfikii nani, kisha upange jingine kwa ajili yake.

Wahojiwa wanasema ulemavu ulitokana na majini au jicho la hasidi. Niandike?

Andika walivyosema, bila kuwacheka na bila kuyageuza kuwa maelezo yako wewe. Uliza imani hiyo ilileta nini: je, familia ilikaa karibu zaidi, au mtoto alifichwa ndani? Ukikuta mtoto anadhurika, utaratibu wa ulinzi wa mtoto unatangulia utafiti, na ulipaswa kuwa umeandikwa kwenye pendekezo lako.

Nifichaje uso wa kiziwi kwenye video?

Huwezi, bila kuharibu maneno yake. Sehemu ya sarufi ya lugha ya ishara imo usoni: nyusi, mdomo, kichwa. Kuna njia tatu. Aridhie kuonekana, baada ya kuelezwa kwamba video ikitoka hairudi. Au maneno yake yaandikwe na video ifungiwe. Au kiziwi mwingine ayaigize maneno hayo mbele ya kamera, kwa ridhaa ya wote wawili. Njia ya tatu inagharimu, nasi ndiyo tunayoipendelea kwa habari nyeti.

Mshiriki anataka jina lake halisi litumike, kamati inataka lifichwe.

Kuficha majina kuliwekwa kumlinda mtu, na wakati mwingine kunamfuta. Kwa msanii, jina ni haki yake. Iandikie kamati ukitenganisha vitu viwili: mahojiano, ambayo yanaweza kubaki bila jina, na kazi ya sanaa, ambayo huenda na jina la mtunzi. Angalia tu kama jina kwenye sanaa litafichua mhojiwa kwenye mahojiano. Likifichua, arudishwe mezani aamue akijua hivyo.

Maonyesho yameshafunguliwa na msanii mmoja anataka kujitoa.

Toa kazi yake siku hiyo hiyo. Usimwombe asubiri wageni waondoke, wala usimtume rafiki yake kumshawishi. Mpe yeye achague kama nafasi iachwe wazi, iwekwe maelezo mafupi, au ijazwe na kazi nyingine. Malipo aliyoahidiwa alipwe kamili. Nakala za kidijitali zifutwe kila mlikoziweka, na pale zisipofutika, kama gazeti limeshachapa, aambiwe ukweli huo. Kwenye tasnifu eleza kwamba kazi moja iliondolewa kwa ombi la mtunzi, na usiandike sababu hata kama unaijua.